Mnong'onezaji wa Mwandishi Mzee

Mimi na yule mzee tulianza kuongea kwa sababu ya samaki wakavu. Binti yake alikuwa amewaleta kwenye mfuko wa karatasi, wadogo, wa chumvi, wanaofanana na dagaa wa kwetu ziwani, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyekubali kuwakaanga. Mwenye nyumba, nesi wa Kikenya aliyegeuza nyumba yake ya Saint Paul, huku Marekani, kuwa makao ya wazee wanne, aliushika mfuko kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya.

"Hapana, hapana. Wakaguzi wakija leo watauliza kama tumeua mtu," alisema. "Wewe kijana, hii peleka nje kabisa."

Sikupeleka nje. Mimi sijui kubishana, lakini kukaanga dagaa najua. Alipoondoka kwenda dukani nilifungua madirisha ya jikoni, baridi ikaingia, nikawakaanga na kitunguu, nikampelekea mzee chumbani pamoja na wali. Alinusa kabla hajaniona. Alikula kimya mpaka sahani ikabaki nyeupe, kisha akaniuliza ninatoka wapi.

Nilimwambia Kongo, halafu kambi ya wakimbizi Tanzania, halafu hapa jirani, Columbia Heights.

"Una miji mingi kwa mtu asiyeongea," alisema.

Tuliongea Kiingereza. Chake kilikuwa cha shule za zamani za Ufilipino, kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Changu kilikuwa cha kwenye basi na cha kazini. Naandika maneno yake kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo yalivyokaa kichwani mwangu. Nilimwita Lolo, kama wajukuu wake, maana yake kwao ni babu. Mwanzoni nilimwita direkta, kwa kuwa nilisikia alikuwa mtu wa filamu, akakasirika.

"Direkta ndiye anayekula kwanza," alisema. "Mimi ni mwandishi. Mwandishi anakula kilichobaki, tena akiwa amesimama."

Chini ya dirisha la chumba chake kulikuwa na meza, na juu ya meza taipureta ya kijani na rundo la karatasi lililofungwa kwa kamba ya kiatu. Hakuwa na kingine alichokijali. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumbadilishia shuka, kuhakikisha amemeza dawa. Lakini mchana, wazee wengine watatu wakilala, aliniita nikae kwenye kiti cha pembeni, akanisimulia maisha yake. Aliyasimulia kwa vipande, leo mwisho, kesho mwanzo. Hapa nimeyapanga mimi.

Baba yake alikuwa fundi viatu katika mji mdogo wa mkoani. Kila mwaka, kwenye sikukuu ya mtakatifu wa mji, watu walicheza mchezo wa wafalme na vita, wote wa mashairi, uliokwenda siku tatu. Wachezaji walikuwa wakulima na wauza samaki. Wengi hawakujua kusoma, na hakuna aliyeshika mistari kichwani. Hawakuwa na haja. Mbele ya jukwaa palikatwa shimo, na ndani ya shimo alikaa baba yake na kitabu. Alitamka mstari kwa sauti ya chini, na mfalme aliyesimama juu yake akaurudia kwa sauti ya kifalme. Mstari kwa mstari, siku tatu. Mtu huyo wa shimoni walimwita apuntador. Nimetafuta neno letu, nimeona mnong'onezaji linatosha.

Lolo alikaa shimoni na baba yake, kazi yake kufunua kurasa. Kutoka mle aliona miguu tu. Alimjua malkia kwa ndara zake na jemadari kwa kiatu ambacho baba yake mwenyewe alikuwa amekishona wiki iliyopita. Mchezaji akicheleweshewa mstari alipiga mguu kwenye mbao, vumbi likawaangukia vichwani, na watazamaji wakapaza sauti: "Apuntador amelala! Mwamsheni!"

Mwaka mmoja mchwa walikula kurasa mbili. Baba yake alifika mahali pale, akanyamaza. Juu, malkia akapiga mguu. Akapiga tena. Lolo alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alianza kunong'ona maneno yake mwenyewe, ya kutunga palepale, na malkia, ambaye siku nyingine zote aliuza sabuni sokoni, akayarudia yote mpaka akalia machozi ya kweli.

"Hapo ndipo nilipoajiriwa," aliniambia Lolo. "Kazi nyingine zote zilifuata tu."

Alikwenda Manila. Aliandika michezo ya redio, halafu ya jukwaani, halafu filamu. Matajiri wa filamu walitaka picha nzima ipigwe kwa siku saba. Walimfungia kwenye chumba cha hoteli na taipureta na sufuria ya wali, naye akasukuma kurasa chini ya mlango, moja moja, na kijana wa pikipiki akazikimbiza kwa wachezaji waliokuwa wamekwisha kupakwa poda. Nani angekariri kitu kwa mwendo huo? Hivyo alipomaliza kuandika, walimchukua na yeye. Siku hizo sauti za filamu zilirekodiwa baadaye studio, kwa hiyo mtu yeyote angeweza kuongea wakati kamera inazunguka. Alijificha nyuma ya kabati, chini ya kitanda, ndani ya buti la gari, akawanong'onezea.

"Wanaume wakubwa wa nchi ile wametongoza wanawake kwa mdomo wangu," alisema, "na mimi niko chini ya kitanda na mavumbi."

Nilitafuta filamu zake kwenye simu. Nyingi zimekufa. Aliniambia mikanda iliachwa kwenye ghala lenye joto ikaoza, na ukifungua kopo unasikia harufu ya siki. Tulipata kipande kimoja tu, cha dakika chache, picha imefifia kama iliyolowa chai. Mwanamke amesimama sebuleni, anamwambia mume wake kwamba anaondoka. Kabla ya kila sentensi, macho yake yanatoka kwa mume, yanakwenda pembeni, nje ya picha, halafu yanarudi.

"Anamtazama nani?" niliuliza.

"Ananitazama mimi," alisema. "Niko nyuma ya pazia. Tazama, hapo tena. Sijawahi kutazamwa hivyo na mke wangu."

Tuliangalia kipande kile mara nyingi. Sikuwa naangalia tena mume wala sebule. Niliangalia macho yale yakitoka na kurudi.

Kuna kisa kimoja alichokisimulia mara moja tu. Wakati wa utawala wa kijeshi, kila mchezo ulipelekwa kwanza kwa wakaguzi, wakakata walichotaka. Walikata mistari minne kwenye mchezo wake wa jukwaani. Usiku wa kwanza wa maonyesho Lolo alikuwa shimoni, na mchezaji wake mkuu, kijana aliyeletwa siku mbili kabla, alikuwa hajaujua mchezo. Alirudia chochote alichopewa. Lolo akampa mistari ile minne. Ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi. Siku ya pili watu wenye bunduki walikuja wakamchukua yule kijana.

"Yeye, si wewe?" niliuliza.

"Walichukua mdomo uliosikika," alisema Lolo. "Nani anamwona mtu wa shimoni?"

Nilimuuliza kama yule kijana alirudi. Lolo aliniomba nifunge dirisha, na dirisha lilikuwa limefungwa. Nilidhani ninasikiliza kisa cha serikali mbaya. Sasa naona kwamba alikuwa ananieleza kazi ya mnong'onezaji, na mimi nilikuwa nimeanza kuifanya bila kujua.

Ilianza hivi. Aliona ninasoma polepole, kidole kinafuata mstari. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, kambini, na kitabu kimoja tulikuwa tukikishika watoto wanne. Hakunicheka. Alinipa mchezo wake mmoja, uliofasiriwa Kiingereza, akasema nimsomee mstari mstari na yeye ataurudia kama mchezaji. Akanifundisha. Sauti itoke kifuani, isipite meno. Macho yabaki kwa mchezaji, si kwenye karatasi.

"Na usimpe mtu mstari mzima," alisema. "Mpe mlango tu, aingie mwenyewe. Ukimpa mstari mzima, umefuga kasuku."

Kwa mtu kama mimi ilikuwa kazi tamu. Kanisani kwetu wakisema kila mtu ajitambulishe, mimi huenda chooni. Nyumbani ndugu zangu wadogo wanaongea Kiingereza kwa kasi na mama ananitazama nimfasirie, nami nimechelewa sentensi mbili. Lakini katika chumba kile nilinong'ona neno moja, na mzee aliyepinda mgongo akanyooka akawa mfalme.

Halafu maneno yakaanza kumpotea. Si yale ya mchezo, ya kawaida. Angeanza kusimulia hoteli na taipureta, akafika kwenye sufuria akasimama. Akapiga mguu sakafuni, mara moja, polepole. Nami nikasema "wali," akaendelea. Kwanza tulicheka. Nilikuwa nimeyasikia maisha yake mara nyingi kiasi kwamba niliweza kumnong'onezea yote. Binti yake alipokuja Jumapili na vyakula, mimi nilikaa pembeni nikikunja soksi. Mguu ukigonga, nilisema neno bila kufungua mdomo sana. Yeye hakuona kitu. Alimwona baba yake akisimulia vizuri kama zamani, akafurahi, akarudi kazini. Alikuwa nesi katika hospitali mbili, na uso wake ulikuwa na rangi ya mtu anayelala ndani ya gari.

Mwezi wa kumi na moja mwenye nyumba alituambia kwamba nesi wa kaunti angekuja kumpima Lolo akili. Akishindwa, angehamishiwa Oakdale, kwenye nyumba ya wazee waliosahau, ambako mlango hufunguliwa kwa namba na vyumba ni vya watu wawili wawili.

"Na taipureta?" aliuliza Lolo.

"Mzee wangu, kule ni kelele mingi tayari," alisema mwenye nyumba. "Mtu wa kitanda cha pili atakurushia hiyo."

Alipotoka, Lolo alikaa akiitazama meza yake. Baadaye akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi.

"Niliishi nimefungiwa vyumbani ili niandike," alisema. "Siwezi kufungiwa nisiandike. Apuntador, siku hiyo usilale."

Sikusema ndiyo. Lakini sikusema hapana, na yeye alijua kunyamaza kwangu ni kwa aina gani.

Nesi wa kaunti alikuwa mama mpole, miwani imefungwa kwa mnyororo shingoni. Alikaa na Lolo kwenye meza ya jikoni. Mimi nilikaa nyuma ya nesi, kati ya dirisha na mlango wa nyuma, na kikapu cha taulo za kukunja. Mwenye nyumba alikuwa sebuleni anabishana na mtu wa duka la dawa kwenye simu.

"Huu ni mwaka gani?" aliuliza nesi.

Mguu wa Lolo ukagonga, tap. Nikaonyesha mwanzo wa neno kwa midomo. Akausema mwaka.

"Ni majira gani?"

Nilitazama theluji dirishani. Hiyo ilikuwa rahisi.

Alimpa maneno matatu ya kukumbuka: kijiko, mlango, mbwa. Wakaongea mengine kidogo, halafu akamuuliza maneno yale. Lolo alinitazama. Nilitumbukiza kijiko kwenye kikombe changu. Akasema kijiko. Nikaegemea mlango. Akasema mlango. La tatu lilinishinda, nikabaki na taulo mkononi kama mjinga, na yeye akapiga mguu, akapiga tena, mpaka nikatoa ulimi nje nikapumua haraka haraka.

"Mbwa," alisema Lolo, taratibu, kama mtu aliyekuwa anafikiri.

Alimwambia achore saa, mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Nilinyoosha taulo hewani, mkono mmoja mrefu na mwingine nimeukunja, kama ninaipima. Alichora. Mstari ulitetemeka, lakini saa ilikuwa sahihi.

"Na nyumba ikiwaka moto utafanya nini?"

Hapo hakunihitaji. "Nitaokoa taipureta," alisema, "kisha huyu kijana, kama nafasi ipo."

Nesi alicheka mpaka akavua miwani. Aliandika kwamba mzee yuko vizuri kwa umri wake, na kwamba anaweza kutoka hadi barazani na kwenda kwenye sanduku la barua peke yake. Mwenye nyumba alisoma karatasi mara mbili.

"Huyu amepita kuliko mimi," alisema. "Mimi saa hiyo ya kuchora ningeanguka." Akazima kengele iliyokuwa ikilia kila mlango wa mbele ulipofunguliwa. Wazee wengine watatu hawakuweza kutembea, kengele ilikuwa ya Lolo tu.

Chumbani Lolo aliniuliza, "Hakuona mdomo wako?"

"Hakuona."

"Basi umefuzu," alisema, akanipa mkono kama mwanaume kwa mwanaume.

Siku ile nilitembea mpaka kituo cha basi bila kuhisi baridi. Ni lazima niseme hivi, kwa sababu ni kweli. Haikuwa huruma peke yake. Nilifurahi kwa kuwa nilikuwa nimefanya kitu kigumu vizuri, na kwa kuwa Lolo akibaki, nami nitabaki na mtu wa kuongea naye.

Jumapili iliyofuata binti yake alinikuta nikivaa koti mlangoni. Alikuwa bado na nguo za hospitali.

"Wewe unashinda naye," alisema. "Karatasi nimeiona. Nakuuliza wewe. Baba anakumbuka?"

"Anakumbuka," nilisema.

Aliniegemea begani kidogo, kwa uchovu, kisha akaingia ndani.

Januari ilikuja na ile baridi inayogandisha nywele za puani. Asubuhi hiyo niliingia kazini saa moja, nikamkuta Lolo ameamka, amekaa kitandani na koti lake la nje. Niliona koti. Nilidhani anasikia baridi. Nikaenda bafuni kumwogesha mzee wa chumba cha pili, ambaye hukataa maji na kupigana, kwa hiyo nilikaa naye muda mrefu na maji yakipiga kelele. Mlango wa mbele ulifunguliwa na kufungwa. Hakuna kilicholia.

Nilipompelekea uji, kitanda kilikuwa kitupu. Barazani hapakuwa na mtu. Kulikuwa na alama za ndara kwenye theluji, zikapita sanduku la barua, zikateremka barabarani. Nilikimbia bila kofia. Mwenye nyumba alipanda gari akapita upande mwingine, akiita jina lake dirishani.

Walimpata kwenye kituo cha treni ya mjini, mitaa minne kutoka nyumbani, amekaa kwenye benchi. Mtu wa kukwangua barafu ndiye aliyemwona. Alitueleza kwamba alimuuliza mzee anakwenda wapi, naye akamjibu kwa heshima kwamba anangoja gari la kuchukua wachezaji, limechelewa leo, na kurasa ziko tayari. Alikuwa amezishika kifuani kwa mkono wa kulia, rundo zima na kamba yake ya kiatu. Mkono ulikuwa hauna glavu. Wahudumu wa gari la wagonjwa walijaribu kuzichukua karatasi, vidole havikufunguka.

Hospitali walimkata vidole vitatu vilivyokufa kwa baridi na nusu ya cha nne. Kidole gumba kilibaki.

Binti yake alinikuta kwenye korido siku ya tatu. Nilikuwa na karatasi za Lolo ndani ya mfuko wa plastiki. Zilikuwa zimelowa, nimezikausha moja moja juu ya hita nyumbani kwetu, mama akiniuliza ni za nani na mimi nisijibu. Nilitaka kumpa mfuko niondoke. Badala yake nilimwambia. Nilianza na taulo, nikarudi kwenye soksi za Jumapili, nikaenda kwenye kijiko na mlango na mbwa. Nilisema polepole na vibaya, hakuna aliyekuwa ananipa neno. Yeye alisimama tu, mikono mifukoni.

"Hata mimi?" alisema. "Hata zile hadithi alizokuwa akinisimulia mimi?"

"Ndiyo, dada."

Alitoa mikono mifukoni.

"Nilikuuliza wewe kwa sababu huongei," alisema. "Mwenye nyumba anaongea sana, nesi anaongea sana. Nilisema, huyu mkimya atanipa ukweli."

Afadhali angenipiga. Alichukua mfuko, akaangalia ndani, akafunga.

Mwenye nyumba hakunifukuza. Alinifanyia vibaya zaidi, aliongea nami kwa upole. "Sikiza, mimi ndio nilizima kengele," alisema. "Mimi ndio nilifaa kukaa hapo jikoni." Akawasha kengele tena, ingawa wazee waliobaki hawakuwa na uwezo wa kufika mlangoni. Sasa inalia nikiingia mimi.

Wiki mbili baadaye binti alinipigia simu. Nesi wa kaunti alikuwa anarudi kumpima upya, hospitalini, kabla ya Lolo kuhamishwa.

"Anakuulizia," alisema. "Jina lako limempotea, anasema aitwe mtu wa shimoni. Bila wewe hatulii. Uje. Lakini ukae mahali nikuone, mikono juu ya magoti. Usifanye kitu."

"Nimeelewa, dada."

"Usifanye kitu," alisema tena.

Chumba kilikuwa na joto na kilinuka dawa. Lolo alikuwa kwenye kiti, amenyolewa vibaya, mkono wa kulia umefungwa bandeji kubwa kama kichwa cha mtoto. Aliponiona alinyooka. Nesi, yuleyule wa miwani ya mnyororo, alinitazama kidogo tu, kisha akafungua karatasi zake. Binti alisimama mlangoni. Nilikaa mbele ya Lolo, pembeni ya meza, nikaweka mikono magotini.

"Huu ni mwaka gani?" aliuliza nesi.

Macho ya Lolo yalitoka kwa nesi yakaja kwangu. Niliyajua. Nilikuwa nimeyatazama mara nyingi kwenye ile simu, yakitoka sebuleni kwenda nyuma ya pazia. Yalingoja bila wasiwasi wowote, jinsi mtu anavyongoja mlango wa nyumba yake ufunguliwe.

Nilikaza midomo. Mwaka ulikuwa kinywani mwangu, nilihisi herufi yake ya kwanza kwenye ulimi.

Alipiga mguu. Alikuwa amevaa soksi nene za hospitali, na mguu haukutoa sauti.

"Usiwe na haraka," alisema nesi.

Alipiga tena. Mguu wake ulikuwa karibu na wangu, nilihisi sakafu ikitikisika kidogo. Akainama mbele, akanong'ona, si kwa hasira, kwa mshangao tu, "Apuntador. Umelala?"

Binti yake aligeukia ukuta.

Nilitazama magoti yangu. Wino wa kalamu ulikuwa kwenye kidole changu na niliutazama huo. Nilisubiri akasirike, ingekuwa afadhali. Lakini niliposikia sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa imetoka kifuani, imepita juu ya vichwa vyetu, kama ya mtu aliyeona kwamba ukurasa umeliwa.

"Ni mwaka ambao mvua ilichelewa," alimwambia nesi, "na malkia bado hajarudi, lakini mezani tumemwekea sahani."

Nesi alingoja kidogo, labda kuna zaidi. Kisha akaandika kitu kifupi kwenye karatasi.

"Na hapa tulipo ni wapi?"

Lolo alinitazama tena. Akapiga mguu.